Kigiriki kilifikaje pwani yetu?

Haya jamaa, leo naweka programu kando. Mnajua maelezo ya zamani kabisa ya biashara ya pwani yetu yaliandikwa kwa Kigiriki? Ni kitabu kiitwacho Periplus, cha karne ya 1 B.K., kazi ya mfanyabiashara wa Misri asiyejulikana jina. Misri ilikuwa chini ya Roma wakati huo. Sasa Kigiriki cha nini? Alexander alianzisha Alexandria mwaka 331 K.K., akafa 323 K.K., majenerali wakagawana dola yake. Lugha ikabaki kazini. Ni kama kampuni ifungwe, lakini watu waendelee kutumia fomati yake ya faili kwa kuwa kila mteja anaisoma.

Periplus inataja soko la Rhapta (wataalamu bado wanabishana lilikuwa wapi!), jina lililotokana na mashua zilizoshonwa. Iliingia mikuki na mashoka, zikatoka pembe za ndovu na za kifaru.

Mimi niliye hapa Voi, Tsavo ikiwa mlangoni, nauliza: nani aliwinda, nani akabeba hadi bandarini? Bidhaa ziliorodheshwa. Majina ya wawindaji, uga mtupu.