Goma: kwa nini advoka anavua joho na kuingia biashara ya nyumba

Mjini Goma, anayetafuta nyumba huanza kwa komisioneri, na anayegombania parseli huishia kwa advoka. Kazi hizi mbili ziko jirani, lakini sheria imezitenganisha. Amri ya tarehe 28 Septemba 1979 inayopanga kazi ya mawakili nchini Kongo haimruhusu advoka kufanya biashara. Anayetaka kuishi kwa kuuza na kupangisha nyumba lazima kwanza aache joho.

Ni nini kinachomvuta? Jibu liko katika historia ya ardhi.

Mwaka 1966, sheria ya Bakajika ilirudisha mikononi mwa serikali ardhi iliyogawiwa wakati wa ukoloni. Kisha sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikasema kwamba udongo wote ni mali ya serikali. Tangu hapo mkaaji hanunui udongo wenyewe, ananunua haki ya kuutumia. Raia anaweza kupewa haki ya kudumu, na mgeni miaka 25 inayoweza kuongezwa. Kinachothibitisha haki hiyo ni hati ya kuandikishwa. Hati hiyo ikitimiza miaka 2, haiwezi tena kupingwa. Aliyeporwa akichelewa, hubaki kudai fidia tu.

Sheria hiyo iliandikwa kwa nchi tulivu, na Goma haikupata utulivu. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia. Vita vilivyofuata vikaleta wakimbizi wa ndani kutoka Masisi na Rutshuru, na mji ukapanuka. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga moto hadi Ziwa Kivu, ikafunika sehemu kubwa ya katikati ya mji. Nyumba zilipotea, na alama za mipaka zikabaki chini ya mawe. Watu walijenga upya juu ya lava, na jirani akauliza jirani: mpaka wetu ulikuwa wapi?

Wakati huohuo, Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada yalitafuta ofisi na makazi. Kodi ikapanda, hasa Himbi na Katindo. Kwa advoka kijana anayengoja kesi iishe ndipo alipwe, komisio ya nyumba moja huja haraka kuliko hukumu.

Tena, anaingia na kitu ambacho makomisioneri wengi hawana: anajua kusoma hati, kuulizia kwenye ofisi ya ardhi kama parseli ina mgogoro, na kutambua muuzaji aliyeuza mara mbili.

Mwishoni mwa Januari 2025, M23 iliteka mji, na mahakama za serikali zikasimama kazi. Aliyeishi kwa kusimama mbele ya jaji alikosa jaji. Kwa wengine, kuacha joho si tamaa tena, ni kutafuta chakula cha watoto.

Lakini mkaaji anapoteza kitu. Advoka humtetea mteja mmoja, na baro inaweza kumwadhibu akimsaliti. Komisioneri analipwa biashara ikifungwa, hati iwe safi au chafu. Anayenunua parseli leo asiridhike kusikia kwamba muuzaji aliwahi kuwa advoka. Aombe hati, aangalie tarehe yake, na azungumze na majirani kabla ya kutoa hata dola moja.