Enkai, Ngai na Mungu: Jina lililotangulia dini

KITENGELA ya leo ina watu wa kila pembe ya Kenya. Mkristo Mmaasai anamwita Mungu wake Enkai. Jirani yake Mkikuyu au Mkamba anasema Ngai, jina ambalo wanaisimu wengi huona lilitoka kwa Wamaasai. Basi tunasikia watu wakisema, "Si jina ni moja? Dini zote ni sawa tu." Hoja hiyo ni dhaifu.

Tutazame sarufi. Katika Kimaasai, ol- ni kiambishi cha jinsia ya kiume na en- cha kike: olayioni ni mvulana, entito ni msichana. Enkai, basi, ni jina la kike, na neno hilohilo ni mvua, ni mbingu. Wazee walimtaja Enkai Narok, mweusi kama wingu la mvua, mwema. Na Enkai Nanyokie, mwekundu, mwenye hasira. Biblia humwita Mungu Baba. Kwa hiyo msomaji wa Biblia ya Kimaasai hukutana na Baba mwenye jina la kike, jambo ambalo wanatheolojia wa Ulaya wangelijadili mwaka mzima!

Kiswahili nacho kina yake. Mungu ni neno la Kibantu. Wagiriama bado husema Mulungu. Waislamu wa pwani walikuwa wakilitumia kabla Krapf na Rebmann hawajaanza misheni ya Rabai mwaka 1846, na Sheikh Abdullah Saleh Farsy alimwita Allah "Mwenyezi Mungu" katika tafsiri yake ya Kurani ya 1969. Jina moja, lakini huyu anakiri tauhidi, yule Utatu. Hata kitenzi kimoja cha Kiarabu wamekigawana: Mwislamu anaswali, Mkristo anasali.

Karl Roehl alijaribu kupunguza Kiarabu katika Biblia yake ya 1937. Wapi! Iliyoshika makanisani ni Union Version ya 1952, pamoja na malaika, dhambi na nabii.

Kwingine majina haya yamezua ugomvi. Mwaka 1715 Papa Clement XI aliwakataza Wakatoliki wa China kumwita Mungu Shangdi au Tian. Mwaka 2014 mahakama ya juu ya Malaysia ilikataa rufaa ya gazeti la Kikatoliki lililotaka kuandika Allah. Kwetu hakuna aliyeshtakiwa, na mvua ikinyesha Kajiado, Mmaasai, awe amebatizwa au hajabatizwa, bado huiita enkai.