Mkasi wa Forbes Watson

Mwaka 1866, jijini London, kazi ya kuorodhesha nguo za India ilifanywa kwa mkasi. Msimamizi wake, John Forbes Watson, alikuwa daktari wa Kiskoti aliyewahi kutumikia jeshi la Bombay, na tangu 1858 aliiandikia serikali ya Uingereza taarifa za mazao na bidhaa za India. Stoo za Makumbusho ya India jijini humo zilijaa vilemba, sari, shali na melimeli. Mwingine angezikunja akazifungia kabatini. Yeye aliamuru zikatwe.

Hakuwa mharibifu wa ovyo. Wenye viwanda wa Lancashire walitaka kuuza nguo India, lakini hawakujua Wahindi wanavaa nini. Forbes Watson aliona makumbusho moja London hayatawafaa, akaamua kutengeneza ishirini ya kubebeka: seti 20 za vitabu, kila seti juzuu 18 zenye sampuli 700. Hesabu yake ni vipande 14,000. Seti 13 zilibaki Uingereza na 7 zikapelekwa India.

Fungua juzuu mojawapo. Kipande cha nguo kimebandikwa kwenye karatasi nene, na chini yake kuna lebo iliyochapishwa: namba, aina ya vazi, urefu na upana wa nguo nzima kabla ya kukatwa, uzito, bei, na mahali ilikotoka. Kwa lebo hiyo fundi wa Manchester ambaye hajawahi kupanda meli angeweza kuiga kilemba cha watu asiowajua. Ni uhodari wa kazi, na ni wizi wa kiungwana pia. Melimeli ya Dhaka, hata hivyo, haikuigika kirahisi. Forbes Watson mwenyewe aliitazama kwa hadubini, akalinganisha nyuzi zake na za Ulaya, akakiri kwamba za Dhaka ni nyembamba zaidi.

Makumbusho ya India yalivunjwa mwaka 1879, na sehemu kubwa ya nguo ikahamia South Kensington, mahali panapoitwa leo Victoria and Albert Museum. Vitabu vikabaki vimetawanyika.

Kuvitunza kunaumiza kichwa. Pamba, hariri na sufu zimo ndani ya jalada moja. Nondo hupenda sufu na hariri, nyuzi za zari hupoteza mng'ao, na gundi na karatasi kuukuu navyo vina madhara yake. Bahati ni kwamba kitabu kilichofungwa kimekinga rangi dhidi ya mwanga, adui ambaye madhara yake hayarudi nyuma. Ukivibandua vipande ili vitunzwe kimoja kimoja, unavitenganisha na lebo zake, na mpangilio wenyewe ni ushahidi wa namna dola ilivyozitazama nguo za watu. Kwa hiyo juzuu huachwa zilivyo na kila ukurasa hupigwa picha, kama ilivyofanyiwa seti iliyoko Harris Museum, mjini Preston, ili watu wazitazame bila kuzifunua kila siku.

Picha hizo zinafaa sana, ila haziwezi kuonyesha kile ambacho hakikuandikwa. Lebo zinataja bei, uzito na mji. Mfumaji hatajwi.