Daktari Aliyepima Presha Kavirondo Kusini

Huku kwetu Nyaramba, wazee hawachoki kusema kwamba presha na sukari ni magonjwa ya kuja, ati zamani hayakuwako. Vijana huwacheka. Mimi nimeona heri kuwasikiliza, kwa sababu wanaye shahidi aliyeandika: daktari Mwingereza, C. P. Donnison.

Miaka ya mwisho ya 1920, Donnison alihudumu katika hospitali ya Kavirondo Kusini, wilaya iliyotawaliwa kutoka mji wa Kisii. Mwaka 1929 alichapisha makala katika jarida la Lancet. Katika muda wa miaka miwili hivi, aliandika, wagonjwa 1,800 walilazwa na hakukuta hata mmoja mwenye presha ya juu. Akapima pia watu wazima wa afya njema wapatao 1,000. Hadi umri wa miaka 40 presha yao ililingana na ya Wazungu. Baada ya hapo ya Wazungu ilipanda, ya watu wa huku ikashuka.

Mwaka 1937 akatoa kitabu, Civilization and Disease. Humo aliongeza kisukari, vidonda vya tumbo na ugonjwa wa tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Hoja yake ilikuwa kwamba maisha ya kisasa huukimbiza mwili na akili kuliko vinavyoweza kuzoea.

Sasa, takwimu kama hizi mtu anaweza kuzisoma vibaya, akadhani damu ya Mwafrika ina kinga yake. Jibu lilitoka kwa majirani zetu Wajaluo. Mwaka 1990, Neil Poulter na wenzake walichapisha katika jarida la British Medical Journal utafiti juu ya watu waliotoka vijijini karibu na Ziwa Victoria kwenda kuishi Nairobi. Presha yao ilianza kupanda mapema tu baada ya kuhama. Mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo kuliko wa wale waliobaki nyumbani. Kabila ni lile lile. Kilichobadilika ni maisha.

Kuhusu sukari, nawaomba wazee wapunguze mwendo. Insulini ilidungwa mtu kwa mara ya kwanza mwaka 1922, kule Toronto. Mtoto wa Kisii aliyepata kisukari enzi hizo angekonda na kufa upesi, pengine nyumbani, na watu wangetafuta sababu nyingine. Daftari la hospitali huhesabu waliofika. "Hayakuwako" na "hayakupimwa" ni maneno mawili tofauti.

Hata hivyo ushahidi wa presha ni mzito, na ndiyo maana naona makala ile ya 1929 inatuhusu. Kama ugonjwa uliingia kwa mlango wa chakula, chumvi na namna ya kuishi, basi si laana wala urithi tu wa ukoo. Sisemi turudi kule. Mashamba ya wimbi yaliipisha chai, na chai ndiyo imesomesha watoto wengi hapa. Pesa zake pia ndizo hununua sukari, mafuta ya kupikia na unga uliokobolewa. Hakuna atakayemwambia mkulima ang'oe majani chai. Lakini kupunguza chumvi mezani hakung'oi mche hata mmoja. Na kile kipimo cha mkononi alichotumia Donnison kuonyesha kwamba hatuugui, leo kila zahanati yetu inakihitaji, kizima na kinachofanya kazi.