Odaa: Mti na Baraza katika Msamiati wa Waborana wa Isiolo

Mfasiri alikutaye neno odaa katika Kiborana akaandika "mkuyu" hakosei, ila amesimama nusu ya njia. Mti ndio huo, bila shaka. Lakini kwa Waoromo, ambao Waborana ni tawi lao, odaa ni mahali pia: chini yake wazee walikutana, wakapatanisha magomvi na kutangaza sheria za gadaa, yaani ule utaratibu wa marika unaokabidhi uongozi kila baada ya miaka 8, ambao Asmarom Legesse aliuchambua katika kitabu chake cha 1973. Mnamo 2016 UNESCO iliiingiza gadaa katika orodha yake ya urithi wa binadamu. Na picha ya odaa imo katikati ya bendera ya jimbo la Oromia.

Odaa zenye majina makuu, kama Odaa Nabee na Odaa Bultum, ziko Ethiopia. Waborana wa Isiolo, wakaao bonde la Ewaso Ng'iro waliitalo Waso, walitengwa na ndugu zao wa kaskazini kwa mipaka ya malisho iliyowekwa na Waingereza. Wakasilimu kwa wingi. Kisha vita vya shifta, vya 1963 hadi 1967, vikawamalizia mifugo na kuwakusanya katika vijiji vya kulindwa, Garba Tulla na Merti vikiwamo. Gadaa ikawa mbali nao. Neno halikuwa mbali.

Mugumo wa Thika, unaohusishwa na utabiri wa Mugo wa Kibiru, ulianguka mwaka huo huo wa 1963, na maana yake ilikuwa katika shina lile lile lililoanguka. Odaa ya Waso haikutegemea shina. Jaarsa dheedaa, wazee wanaopanga malisho ya masika na ya kiangazi, waketipo kivulini mwa mgunga hufanya kazi ya odaa, ingawa mti si mkuyu.

Kiswahili nacho kina mfano wake. Baraza ni kiti cha mawe mbele ya nyumba, na ni kikao cha wakubwa. Asikiaye kwamba baraza limevunjwa haulizi nani alishika nyundo. Kwa hiyo odaa ingestahili kuingizwa kamusini kwa maana zote mbili. La sivyo, mwanafunzi atakayesoma kwamba wazee walirudi chini ya mkuyu atadhani walikimbia jua.