Girisi ya Liemba

Wengi wetu tuliotoka Rumonge tukakwama Kagunga mwaka 2015, ni Liemba iliyotufikisha Kigoma. Kipindupindu kilikuwa kimeshaanza pale ufukweni, nani angeuliza meli ina umri gani?

Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaungwa Kigoma. Jina lake wakati huo Graf von Goetzen. Julai 1916 Wajerumani, wakirudi nyuma vitani, waliizamisha wenyewe karibu na pale Malagarasi inapoingia ziwani. Ila kwanza mafundi walizipaka injini girisi nzito. Kutu inataka chuma, maji na hewa vikutane. Girisi inakaa katikati. Waingereza wakaiibua 1924, mitambo bado inafaa, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Baadaye ilifungwa injini za dizeli, lakini bodi ni ile ile.

Vijana wangu wa baiskeli hapa kambini wanapaka mnyororo mawese. Jamani, mawese ya kwetu nayapenda, ila kwenye sahani! Kwenye mnyororo yananata, yanashika vumbi.

Wale mafundi hawakutuwaza sisi, walikuwa wanaitunzia serikali yao meli ya vita. Miaka 99 baadaye ikambeba mama, na mdogo wangu mgongoni.