Meza ya Seremala katika Historia ya Arua

Tuingiapo katika karakana ya seremala nyumbani kwake mjini Arua, macho yetu huvutwa na kiti kipya au mlango uliokwisha kupigwa msasa. Meza ya kazi hatuitazami, ilhali ndiyo mama wa vyote hivyo. Katika makala haya mafupi twataka kuonyesha kwamba meza hiyo ni shahidi wa historia ya West Nile.

Nchi hii ilibadilisha watawala mara nyingi. Katika miaka ya 1880 Emin Pasha alikaa Wadelai, ukingoni mwa Nile. Baadaye ikawa sehemu ya Lado chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwaka 1910 ikatiwa katika Sudan, na mwaka 1914 katika Uganda. Mji wa Arua ulianza wakati huo. Mwaka 1918 wakafika wamisionari wa Africa Inland Mission. Ofisi, makanisa na shule zote zilitaka milango, viti na madawati, na kazi hiyo haifanyiki magotini. Kadhalika, vijana wengi waliingia King's African Rifles, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya amri, nao wakarudi nacho nyumbani. Hivyo neno meza, tulilolipata kwa Wareno waliofika pwani yetu mwaka 1498, likasikika hata huku mbali na bahari.

Meza madhubuti huundwaje? Mbao ziwe ngumu, kama za mvule au mkangazi, zikaushwe kivulini. Desturi ya mafundi ni mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Uso uwe na unene wa sentimita 7 hivi, na miguu sentimita 10 kila upande. Kimo chake kifike kwenye kifundo cha mkono wa fundi aliyesimama wima. Ulimi wa mbao moja uingie barabara katika tundu la nyingine, ukazwe kwa kigingi. Misumari peke yake hulegezwa na msukumo wa randa. Mwisho hufungwa jiriwa ya kubana mbao. Meza nyepesi hutembea fundi apigapo randa, nzito hutulia.

Uzito huo una maana nyingine. Serikali ya Idi Amin ilianguka mwaka 1979, na vita vya mwaka 1980 viliwafukuza watu wengi wa West Nile hata Zaire na Sudan. Msumeno na patasi huchukulika safarini, meza haichukuliki. Basi kila aundaye meza ya namna hii anakiri kwamba anatumaini kuwapo hapo kesho.

Lakini miti nayo inapungua. Mwezi Novemba 2022, mataifa yaliyokutana Panama yalikubaliana kuidhibiti biashara ya kimataifa ya mikangazi ya Afrika. Kwa hiyo meza moja itakayorithiwa na wajukuu yafaa kuliko tatu za kuvunjika.

Walimu wenzetu, wapelekeni wanafunzi kwa seremala wa jirani, wajifunze majina ya zana zake, kisha wachungulie chini ya meza waone ndimi zilivyoshikana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.